Dawa ya gari la timu Makangale ni maji baridi, si baridi ya nyuzi 196

SHABIKI yeyote wa mpira wa Kaskazini Pemba anaijua picha hii. Mechi ni saa kumi jioni, Gombani. Saa sita mchana gari limeshapakia Makangale: wachezaji, kocha, gunia la mipira, dumu la maji, na mashabiki ambao hakuna aliyewaalika na hakuna mwenye ubavu wa kuwashusha. Gari linaingia msitu wa Ngezi, linatokea upande wa pili, na kabla ya kufika Konde linaanza kulia. Kwanza ni mlio mwembamba wa chuma kwa chuma. Halafu dereva anakanyaga breki mara mbili ndipo ishike. Halafu linawekwa pembeni, utingo anaingia chini, na kocha anaanza kutazama saa.

Hapo mechi imeshaanza na timu iko nyuma. Ikifika dakika kumi kabla ya filimbi, itaingia uwanjani bila kupasha misuli, miguu imekufa ganzi kwa kukaa. Isipofika kabisa, kila mtu anajua kinachofuata: mpinzani anachukua pointi tatu na mabao ya mezani. Hakuna straika anayeweza kusawazisha mchezo uliopotea barabarani.

Ndiyo maana habari ya vyuma vinavyogandishwa ili vidumu imepata masikio hata kwa watu wa mpira. Kwenye simu zinazunguka video za diski za breki na gia zikishushwa ndani ya pipa linalofuka moshi mweupe, na maneno yanayosema kifaa kikitoka humo kinadumu mara mbili, mara tatu. Kwa klabu inayochangishana shilingi kwa shilingi kununua spea, maneno hayo ni matamu kama bao la dakika ya 90.

Swali ni moja tu. Je, baridi hiyo ndiyo inayokosekana kwenye gari la timu ya Makangale?

Jibu fupi: teknolojia hii ni ya kweli, si uganga. Lakini inatibu ugonjwa mwingine. Gari la Makangale linaumwa kitu ambacho baridi hiyo haikigusi.

BARIDI WANAYOIJUA WACHEZAJI

Soka na baridi si wageni. Mchezaji akitoka uwanjani na kifundo kimevimba, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni barafu. Klabu kubwa zimekwenda mbali zaidi. Leicester City, walioishangaza dunia kwa kubeba ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16, walikuwa na chumba cha baridi kali ambamo wachezaji waliingia kwa dakika chache, nyuzi zaidi ya 100 chini ya sifuri, ili miili ipumzike haraka kabla ya mechi inayofuata.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Mchezaji anapoozwa ili uvimbe na maumivu yapungue, kisha mwili wenyewe unajiponya. Chuma hakina mwili wa kujiponya. Diski iliyolika haiwezi kunenepa tena kwa kuwekwa kwenye barafu, na beringi iliyopasuka haiungi. Baridi ya vyuma hufanyiwa kifaa kipya ili kibadilike ndani kabla hakijaanza kazi. Ni mazoezi ya kabla ya msimu, si matibabu ya majeruhi.

KINACHOTOKEA NDANI YA CHUMA

Chukua gia au beringi ya chuma cha pua kigumu. Kiwandani hupashwa moto mkali, kisha hupozwa ghafla kwa mafuta au maji. Katika kupoa huko, chembe zake hujipanga upya. Zinaacha mpangilio laini, ambao wataalamu wanauita austenaiti, na kuingia mpangilio mgumu unaoitwa matensaiti. Ni kama kocha anayebadilisha mfumo katikati ya mchezo, kutoka ule wa kutandaza mpira kwenda ule wa kukaba.

Shida ni kwamba si kila mchezaji anasikia maelekezo. Kwenye vyuma vyenye kaboni nyingi, mabadiliko hayo hayamaliziki kifaa kinapofika joto la kawaida la nyuzi 25 au 30. Sehemu fulani inabaki kwenye mpangilio wa zamani, laini. Mabaki hayo ndiyo yanayolika mapema, na wakati mwingine hubadilika baadaye kifaa kikiwa kazini, kikavimba kidogo na kupoteza vipimo vyake.

Dawa yake ni kuendelea kukipooza. Kuna njia ya baridi ya kiasi, kama nyuzi 80 chini ya sifuri. Na kuna njia ya baridi kali, inayotumia naitrojeni. Hiyo ni gesi ileile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta, ila imepoozwa mpaka ikawa kimiminika. Naitrojeni huchemka ikiwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Kifaa hushushwa taratibu kwa saa kadhaa, kikaachwa kwenye baridi hiyo kwa muda mrefu, mara nyingi siku nzima au zaidi, kisha kikapandishwa taratibu. Mwisho hupashwa tena moto wa wastani ili kisiwe kigumu cha kuvunjika.

Kikitoka humo, sehemu kubwa ya mabaki laini imeshageuka kuwa ngumu, na ndani ya chuma zimejitokeza punje ndogo sana za kabidi zinazosaidia kupambana na msuguano. Mmoja wa waliolifanyia kazi suala hili kwa vipimo ni Randall Barron wa Chuo Kikuu cha Louisiana Tech, Marekani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1982. Alichoonesha ni kitu ambacho wauzaji wa video hawakisemi kwa sauti: vyuma vya kutengenezea zana, kama vya visu vya mashine na vya kutobolea, vilifaidika sana, na vyuma vingine vilifaidika kidogo au havikufaidika.

Kwa hiyo si ajabu kwamba timu za mbio za magari Marekani, zikiwemo za NASCAR, hugandisha vifaa vya injini, gia na breki. Wao wanatafuta sehemu ya sekunde, na kifaa kikivunjika kwenye mzunguko wa mwisho, msimu umekwisha.

DISKI YA BREKI NI KESI NYINGINE

Sasa turudi kwenye diski, maana ndiyo inayolia njiani Konde. Diski za magari mengi ya abiria si chuma cha pua kilichotiwa ugumu kwa moto. Ni chuma cha kusubu, kile cha kijivu kinachomiminwa kwenye kalibu. Ndani yake kwa kawaida hakuna mabaki ya ule mpangilio laini ambayo baridi ingeyageuza. Wachezaji wote wameshashika nafasi zao, kocha hana wa kumhamisha.

Hii haina maana kwamba diski iliyogandishwa haina faida hata chembe. Yapo majaribio yaliyoonesha kulika kunapungua, na yapo yaliyoonesha tofauti ndogo. Wataalamu bado wanabishana. Lakini kati ya "bado wanabishana" na "inadumu mara tatu" kuna umbali mrefu kuliko Makangale na Mkoani, na klabu haijengi bajeti juu ya ubishi.

Kitu kinachoimaliza diski kwa uhakika zaidi ni uzito na mwendo. Breki inafanya kazi moja: kugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Wachezaji 18 wenye wastani wa kilo 65 ni kilo 1,170 tayari. Ongeza mashabiki 20 wa uzito huohuo, unapata kilo 1,300 nyingine. Na dereva akiongeza kasi mara mbili, kutoka kilomita 40 kwa saa mpaka 80, joto la kusimamisha gari halipandi mara mbili, linapanda mara nne. Hakuna diski inayopenda mchezo huo, iwe imegandishwa au haijagandishwa.

Pemba, iliyozika watu wake Septemba 2011 baada ya MV Spice Islander kuzama ikiwa njiani kutoka Unguja, haihitaji kufundishwa maana ya chombo kilichopakia kupita kiasi. Ila wiki ya mechi kubwa ikifika, somo hilo husahaulika.

ADUI HALISI NI CHUMVI

Itazame Makangale kwenye ramani. Iko ncha ya kaskazini magharibi ya kisiwa, jirani na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Magharibi bahari, kaskazini bahari, na mashariki ufukwe wa Vumawimbi. Upepo wowote unaovuma unakuja na chembe za chumvi. Chembe hizo zinatua juu ya gari, chini ya gari, ndani ya rimu, kwenye bomba za breki na katikati ya majani ya springi.

Chumvi ina tabia moja mbaya. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe. Gari lililolala nje usiku, bila tone la mvua, asubuhi linaamka limevaa utando wa maji ya chumvi. Maji hayo yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na kutu ni kazi ya umeme mdogomdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Ndiyo maana kutu ya pwani ina kasi.

Sasa ongeza maisha ya gari lenyewe. Mara nyingi gari la timu si la timu, ni la kukodi. Ijumaa linabeba wachezaji, siku nyingine linabeba samaki, mwani, mchanga na kuni. Maji ya samaki yanachuruzika mpaka kwenye chasi. Na gari lenyewe huenda lilishatumika miaka mingi Japani kabla ya kuvuka bahari. Mikoa ya theluji ya huko humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na baadhi ya magari hutoka huko na kutu tumboni hata kama rangi ya juu inang'aa kama kiatu kipya cha straika.

Madhara yake hayaonekani ukiwa umesimama kando. Pini za kalipa zinaganda kwa kutu, pedi inabana upande mmoja tu, diski inalika kama mwezi mchanga. Mlio wa njiani Konde mara nyingi unaanzia hapo. Springi inapata vijishimo vya kutu, na kila gari likipiga shimo barabarani, ufa unaanzia kwenye kijishimo kimoja mpaka jani linakatika. Bomba ya breki inaoza taratibu kutoka nje, mpaka siku dereva akikanyaga kwa nguvu inapasuka. Hiyo ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu haitoi kadi ya njano kwanza.

Katika orodha hiyo yote, baridi ya nyuzi 196 haizuii hata kimoja. Kugandisha chuma cha kawaida hakukifanyi kisishike kutu. Hakuongezi rangi, hakuondoi chumvi, hakulainishi pini iliyokwama. Na spea feki ikigandishwa, inatoka ikiwa spea feki ya baridi.

NAITROJENI IPO, LAKINI SI YA DISKI

Kuna atakayesema, mbona naitrojeni hiyo ipo hapa hapa Tanzania? Ni kweli. Wafugaji wanaijua kuliko watu wa mpira. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kilichopo Usa River mkoani Arusha, huhifadhi mbegu za madume bora ya ng'ombe ndani ya mitungi ya naitrojeni kimiminika, na wataalamu wa uhimilishaji huzunguka vijijini na mitungi hiyo midogo.

Lakini asitokee fundi mjanja akadhani anaweza kuomba mtungi wa mhimilishaji, akatumbukiza diski, akaja kuuza "breki za kisasa". Kwanza, chuma chenye joto la Pemba kikiingia ghafla kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, nje kinasinyaa kabla ya ndani, na kinaweza kupata nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Diski yenye ufa ni mbaya kuliko diski iliyolika. Kwenye kazi ya kweli, ushukaji wa baridi huongozwa na mashine, nyuzi kwa nyuzi, kwa saa nyingi.

Pili, naitrojeni inaua kimyakimya. Ikigusa ngozi inaunguza kama moto. Ikimwagika ndani ya chumba kilichofungwa, inageuka gesi na kuifukuza hewa tunayovuta. Mtu anaanguka bila kunusa chochote, kwa sababu haina harufu. Hiyo si kazi ya gereji ya uani.

KIKOSI CHA KUANZIA

Basi klabu ifanye nini? Hapa ndipo linapokuja lile neno la watu wa pwani: maji baridi. Si maji ya barafu, ni maji ya kisima yasiyo na chumvi. Kumwagia tumbo la gari maji baridi, hasa baada ya safari ya ufukweni au ya kubeba samaki, ndiyo dawa rahisi kuliko zote. Si kuosha vioo na bodi ili gari lipendeze mbele ya mashabiki. Ni kuosha chini: chasi, springi, ndani ya rimu, nyuma ya matairi. Dumu chache za maji na vijana wawili baada ya mazoezi, kazi imekwisha.

Wa pili kikosini ni grisi. Pini za kalipa zifunguliwe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki inayostahimili joto, si grisi yoyote iliyopo koponi. Beringi za magurudumu zikaguliwe na kupakwa upya, zaidi baada ya masika, kwa sababu maji yakiingia ndani yake grisi inageuka uji.

Wa tatu ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na Pemba unyevu haukosekani. Yakishanyonya maji huchemka mapema breki zikipata moto, na pedali inazama kama godoro. Magari mengi yanashauriwa kubadilishiwa kila baada ya miaka miwili hivi. Ukiuliza madereva wengi mara ya mwisho ilikuwa lini, utapewa tabasamu.

Wa nne ni rangi ya tumbo. Kutu ikwanguliwe, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, na juu yake lami au nta ya chasi. Kupaka lami juu ya kutu bila kuikwangua ni kumfungia adui ndani ya nyumba.

Wa tano ni spea halali, na hapa viongozi wawe wakali kama wanavyokuwa kwenye usajili. Mchezaji hasajiliwi bila kuulizwa alitoka wapi. Pedi na bomba ya breki nazo ziulizwe: zimetoka wapi, boksi lake liko wapi, risiti iko wapi. Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, ipo kwa ajili ya ubora wa bidhaa, lakini mlinzi wa kwanza ni mnunuzi mwenyewe.

Wa sita ni idadi. Gari la watu 25 libebe 25. Shabiki aliyebaki aende kwa daladala, atafika na atashangilia vilevile.

Timu za mbio za magari zinazotumia baridi kali zimeshayamaliza haya yote. Magari yao yanalala ndani, vifaa vyao ni vipya, kila nati ina rekodi yake. Baridi ni hatua yao ya mwisho. Klabu ya kijijini ikianza na hatua ya mwisho, ni sawa na timu isiyo na mabeki kwenda kumsajili mpiga penalti.

MDHAMINI ANATAKA JEZI

Tatizo kubwa zaidi liko mezani kuliko gereji. Mdhamini akija kijijini anatoa jezi, kwa sababu jezi inapigwa picha. Mgombea akija anatoa mipira. Hakuna anayetoa bomba za breki, kwa kuwa hakuna anayepiga picha na bomba ya breki. Matokeo yake timu inapendeza kwenye gari bovu.

Klabu inaweza kulibadilisha hili bila kusubiri mtu. Gari likikodiwa, mkataba hata wa maneno uwe na sharti: kocha msaidizi au mweka hazina, akiwa na fundi, analikagua siku moja kabla. Breki, bomba, springi, matairi. Daftari moja la shule linatosha kuandika nini kimeangaliwa na lini. Mwenye gari asiyetaka kukaguliwa, akodishe kwa wabeba kuni.

Na wasimamizi wa soka wa wilaya na mkoa wangeweza kuipa daftari hilo uzito, kama wanavyoipa leseni ya mchezaji. Mchezo ukiahirishwa au pointi zikitolewa mezani kwa sababu ya gari, anayeumia si timu tu, ni ligi nzima.

Januari 2025 Gombani ilijaa, Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 na kubeba Kombe la Mapinduzi mbele ya Wapemba wenyewe. Siku ile kila mtoto wa Makangale aliyekuwa jukwaani au mbele ya redio alijiona yupo katikati ya uwanja ule. Wapo watakaofika. Ila kabla ya kufika Gombani kuna msitu wa Ngezi, kuna Konde, kuna mteremko na kona, na kuna breki moja ambayo lazima ishike kwa kukanyagwa mara moja.

Breki hiyo haitashika kwa moshi mweupe wa kwenye simu. Itashika kwa sababu jana yake jioni, vijana wawili waliteka maji kisimani wakaenda kuosha chini ya gari.